Barafu ya Samaki kwenye Jicho la Mama Mdogo

Kabla hatujahama mji wetu wa Palma, mama mdogo wangu alikuwa fundi wa kofia. Asubuhi alikaa mkekani barazani, kofia gotini, akizungushia uzi kila kitobo, na hadithi zake hazikuisha. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zile zilikuwa zetu sisi wawili. Mpaka leo nazitamani.

Mwaka mmoja kope ya jicho lake la kushoto ikaanza kushuka. Alfajiri ilikuwa sawasawa. Ikifika adhuhuri imefunika nusu ya jicho.

"Naona sindano mbili," aliniambia. "Nikishika hii, kumbe ni ile."

Tulicheka, lakini kicheko chake kilipinda, midomo ilikataa kupanda. Wakati wa chakula cha jioni alishikilia taya kwa mkono ili amalize kutafuna. Jirani mmoja alisema ni jini. Mwingine alisema ni uvivu tu, na hilo ndilo lililomuuma.

Kisha akashikwa na malaria. Alikuwa anatapika, basi zahanatini wakamtundikia dripu ya kwinini. Homa ikashuka, yeye akazidi kulegea. Siku ya pili shingo haikubeba kichwa, na maji aliyokunywa yakamtokea puani. Tukaomba gari, tukampeleka hospitali kubwa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenyeji wa Nampula, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alimwambia mama mdogo atazame juu bila kupepesa. Kope zote mbili zikateremka polepole.

"Nitafutieni barafu," akasema.

Nilikwenda kwa wauza samaki mbele ya hospitali, nikarudi na kipande kinachonuka shombo. Daktari alikitia ndani ya glavu, akakiweka juu ya jicho la kushoto, akatazama saa yake. Baada ya dakika mbili alikiondoa. Jicho lilikuwa wazi. Mama mdogo alinitazama nalo, na mimi nikageukia ukutani nilie.

"Mshipa wa fahamu unatoa amri," daktari alinieleza, "lakini nyama haisikii. Mwili wake wenyewe umeyaharibu masikio ya nyama. Baridi huisaidia kusikia kwa muda mfupi tu. Kwinini imeziba hata yale yaliyobaki. Asipewe tena."

"Kwa hiyo si uvivu?" mama mdogo akauliza, kwa sauti ya puani.

"Si uvivu, mama."

Alimwomba daktari arudie, nami nisikie vizuri, nikawaambie watu mtaani.

Walibadilisha dawa ya malaria, wakampa na vidonge vidogo vya ugonjwa wake. Baada ya siku chache alikunywa uji wote bila kupaliwa. Tangu hapo nyumbani tulikula kwa saa yake: anameza kidonge, tunangoja kidogo taya lipate nguvu, ndipo sahani inawekwa. Katika kungoja kule alinisimulia mambo ya ujana wake ambayo asingeyasema mdomo ukiwa na wali.

Vita vilipokuja tulitawanyika. Yeye yuko Mtwara kwa kaka yake, mimi niko Pemba, si kile kisiwa bali mji mkuu wa mkoa wetu. Vidonge huadimika, na kofia moja sasa inamchukua miezi. Nampigia simu mapema, kabla sauti yake haijachoka. Huniuliza nimepika nini, nami namwambia, kisha anaanza kunisahihisha.