Kalibu ya Mguu wa Kushoto

Huyu ni Bibi Shusha, mjane wa Fundi Viatu, mama wa watoto wawili, mmoja juu ya ardhi na mmoja chini yake. Ni binti wa mwanamke aliyenunua mabati ya nyumba nzima kwa bei ya mabati ya jiko, na mjukuu wa yule aliyembana mwenye mbuzi tangu asubuhi hadi jua likainama, akaondoka na mbuzi, na kamba juu yake. Yeye mwenyewe alishusha bei ya kitanda cha ndoa yake, ya saruji, ya miwani, ya jino la kubandika. Siku mumewe alipofariki alishusha bei ya jeneza huku machozi yanamtiririka. Muuzaji akamwuliza, "Mama, hata leo?" Akamjibu, "Leo hasa."

Mtaa mzima ulimtuma. Mwenye shida ya godoro, mlango au sufuria kubwa alipitia kwake kwanza, naye hutangulia mbele kama askari. Sheria zake zilikuwa mbili. Kitu unachokitaka usikitazame, ulizia cha jirani yake. Na mkikwama, geuka uende zako, usiangalie nyuma. Kabla hujamaliza hatua kumi utaitwa. "Njoo mama, njoo tuelewane." Miaka hamsini, hakuna siku aliyogeuka asiitwe.

Aibu yake ilikuwa mke wa mwanawe. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mwezi njiani, siku tatu nyumbani, kwa hiyo wanawake hawa wawili ndio waliokaa pamoja katika vyumba viwili na jiko. Mkwe aliuza dawa kwenye duka la dawa. Alikuwa mpole, akiambiwa elfu mbili anatoa elfu mbili, na asante juu yake. Bibi Shusha alimbandika jina la Bei ya Kwanza.

"Leo Bei ya Kwanza kanunua nyanya," aliwaambia majirani. "Muuza nyanya kafunga biashara, anajenga ghorofa."

Mkwe alicheka nao. Alishazoea.

Jioni moja alirudi kazini, hakuvua hata viatu.

"Mama, kile kiwanda alichofanyia baba kazi kimefilisika. Vitu vyake vinapigwa mnada kwenye simu."

"Kwenye simu? Watu wanasimama wapi?"

"Hakuna anayesimama, mama. Kila mtu yuko kwake."

"Basi huo si mnada, ni uvivu."

Hata hivyo alivaa miwani. Mkwe akawa anasukuma picha kwa kidole: mashine za kushonea ngozi, meza, mapipa ya gundi, kila fungu na namba yake. Walipofika fungu la arobaini na moja, Bibi Shusha alimshika mkono. Lilikuwa kreti lililojaa kalibu, yaani ile miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha ngozi ili kiatu kipate umbo. Maelezo yake yalikuwa mafupi: mbao mbalimbali, kama zilivyo. Juu kabisa, pembeni, kalibu moja ndogo ilikuwa imepinda kwa ndani kama kiganja kinachochota maji.

Alivua miwani, akaenda jikoni, akakaa huko hadi chai ikachemka ikakauka.

Binti yake alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda. Hakuna duka lililokuwa na kiatu chake, basi baba yake akamchongea kalibu za miguu yote miwili, kiwandani, saa ya mapumziko, huku wenzake wakila. Mguu wa mtoto hukua. Fundi hachongi kalibu mpya kila mwaka. Anabandika kipande cha ngozi juu ya mbao na kukipigilia. Baba huyu alitumia misumari ya shaba, mmoja kwa kila mwaka, kulia na kushoto. Ilifika saba. Homa ikamchukua mtoto wiki ambayo wa nane ulikuwa umeshakatwa ngozi yake.

Baada ya maziko Fundi Viatu alitaka kuzileta kalibu nyumbani. Mkewe alimwambia, "Usiniingizie vitu hivyo humu ndani." Hakubishana. Aliziweka kwenye rafu iliyoelekea meza yake ya kazi, akashona viatu vya watu mbele yake miaka ishirini na miwili, mpaka naye akafa. Mkewe hakuziulizia, wala yeye hakuzitaja.

Nyumbani ilibaki picha moja. Mtoto amekaa kwenye kiti cha studio, anacheka, na sketi imevutwa mpaka sakafuni kufunika miguu. Aliyeivuta ni mama yake. Mpiga picha alisema, "Iache tu mama, anapendeza hivyo hivyo." Mama akaivuta tena.

Ndiyo maana alilitaka kreti lile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Na kwa kuwa alilitaka hivyo, aliamua kulinunua kwa ufundi wake wote.

Mnada ulikuwa Jumanne. Mkwe aliomba ruhusa kazini, akajiandikisha, akalipa amana. Asubuhi waliketi mezani, simu wameiegemeza kwenye kopo la sukari.

"Tusubiri fungu letu lifunguliwe, mama."

"Tusubiri nini? Weka dau kwenye la jirani yake, hilo la arobaini. Wasijue tumefuata nini."

"Mama, hawatuoni."

"Muuzaji gani haoni? Weka."

Fungu la arobaini lilikuwa stuli tatu na ndoo ya misumari yenye kutu. Mkwe akaweka dau dogo kuliko yote. Hakuna binadamu mwingine aliyezitaka. Saa ya simu ikajihesabu hadi sifuri, kioo kikaandika: Hongera, umeshinda.

"Nimeshinda nini? Mimi nimeulizia tu!"

"Huku ukiulizia umenunua, mama."

Walitazamana wakacheka mpaka mkwe akafuta machozi. Wakiwa bado wanacheka, la arobaini na moja likafunguka.

Mkwe aliweka elfu tano. Mtu aliyeandikwa Namba Kumi na Saba akaweka sita. Wao wakaweka saba. Kumi na Saba akaweka kumi.

"Huyu ndiye mwenye mali," Bibi Shusha alisema.

"Hapana mama. Huyu ni mnunuzi kama sisi. Mwenye mali hasemi kitu."

"Mnunuzi gani anapandisha bei ya kitu anachokinunua mwenyewe? Ana akili timamu?"

"Ndivyo mnada ulivyo."

"Mnada nimeujua kabla mama yako hajaolewa. Muulize mwisho ngapi."

"Hakuna mahali pa kuuliza, mama."

Wakaweka kumi na mbili. Kumi na Saba akaweka kumi na tano. Zilibaki dakika tatu. Ndani ya kopo, chini ya sukari iliyofungwa kwenye mfuko, walikuwa na elfu thelathini, na wote wawili walijua.

"Niongeze? Tunazo, mama. Tunazo mara mbili ya hizo."

Bibi Shusha alikitazama kioo. Palikuwa pale pale pagumu alipopajua, mahali ambapo moyo unakuambia ng'ang'ania na ufundi unakuambia geuka. Uso wake ukatulia.

"Toka humo."

"Mama, tafadhali..."

"Toka nimesema. Ilaze hiyo simu. Tunaondoka."

Mkwe akailaza simu kifudifudi. Hakuwahi kumbishia mama mkwe wake kuhusu bei, na hakujua angeanzia wapi. Bibi Shusha alisimama, akapita mlangoni, akatembea uani pole pole kama mtu asiye na shida. Hatua ya kumi ilimfikisha kwenye kamba ya nguo. Akasimama hapo katikati ya mashuka yaliyolowa, mgongo kaupa nyumba, akisubiri kuitwa.

Jirani aliyekuwa akipepeta mchele ng'ambo ya ukuta alimsalimu. Hakuitikia. Alikuwa anasikiliza.

Aliporudi, mkwe alikuwa amekwisha kuigeuza simu. Fungu limeuzwa kwa Namba Kumi na Saba, elfu kumi na tano.

"Hajaita?"

"Hapana, mama."

"Mpigie."

"Nani?"

"Yeyote! Waambie hatujaenda. Waambie tulikuwa hapo mlangoni tu."

Mkwe alipiga namba ya ofisi ya mnada. Sauti ya kurekodiwa ilimtaka abonyeze moja. Alibonyeza moja. Ikamtaka abonyeze nne. Bibi Shusha alisimama kando yake, mkono kifuani, mpaka simu ikakatika yenyewe.

Alhamisi walikwenda kwenye bohari kuchukua stuli zao. Karani alikaa nyuma ya dirisha la nondo, akasukuma karatasi. Bibi Shusha hakuishika kalamu.

"Mwanangu, fungu linalofuata hili liko wapi?"

"Limechukuliwa jana. Na jina la mteja sitoi, bibi, usiniulize."

Mpagazi aliyewabebea ndoo hadi nje ndiye aliyewaambia. Aliyelichukua ana karakana ya mapambo nyuma ya wauza matairi. Bibi Shusha akamwachia stuli.

"Zote tatu, mama?"

"Na ndoo."

Mwenye karakana alikuwa mtu wa makamo, mstaarabu, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Aliwavutia viti. Kalibu zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja imetobolewa kisiginoni na kutiwa kulabu ya chuma.

"Watu wanazitundika ukutani," alieleza. "Unaning'iniza kofia, funguo, mkoba. Zinapendwa."

Bibi Shusha alizipindua moja moja. Ya kumi na kitu ilikuwa nyembamba, ya kulia, ngozi saba zimepandana, misumari saba ya shaba imegeuka kijani, na kulabu mpya inang'aa kwenye kisigino. Aliiweka kwapani, akaanza upya. Alizipindua zote mara ya pili. Akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya kreti tupu, akapapasa pembe zake nne.

"Ya kushoto iko wapi?"

"Ile iliyopinda? Hiyo ilitoka ya kwanza kabisa, mama. Jana jioni hiyo hiyo. Watu wanapenda vitu vya ajabu."

"Kaichukua nani?"

"Bwana mmoja na mkewe, walikuwa wanapita na gari. Wamecheka nayo sana. Jina sikuuliza, niulize la nini?"

Mkwe alimshika mkono, akamwinua.

"Hii moja bei gani?" Bibi Shusha aliuliza.

"Kwa sababu ni ndogo, na hazipatikani... kumi na tano."

"Kumi na tano!" Alikuwa mkwe, yule yule asiyejua kushusha bei ya kiberiti. "Mzee wangu, si ndiyo bei ya kreti zima hiyo? Punguza, tafadhali. Hujui hii ni..."

"Nyamaza, mwanangu."

Bibi Shusha alifungua mkoba, akatoa zote kumi na tano, akaziweka mezani.

"Asante," akasema.

Nyumbani alijaribu kuitoa kulabu. Bisibisi iliteleza mara mbili, ya tatu kulabu ikatoka, likabaki tundu ambalo kidole chake kidogo kiliingia. Tangu siku hiyo hakwenda tena kumnunulia mtu kitu. Wakija, husema macho hayaoni vizuri, na haikuwa uongo. Daktari alikwisha kumwambia kwamba ukungu ulioingia machoni hautarudi nyuma, na kabla mwaka haujaisha nyuso za watu angezitambua kwa sauti.

Asubuhi moja, mkwe akifunga kamba za viatu aende dukani, Bibi Shusha alimwekea mapajani kitu kilichozungushiwa foronya.

"Kaa nayo wewe. Na kila Jumanne ufungue huo mnada wako, huo na mingine unayoijua. Mtu akichoka na kitu ukutani hukiuza. Mguu wa kushoto, umepinda kwa ndani, misumari saba. Uulinganishe na huu, usije ukauziwa mwingine."

"Ndiyo, mama."

"Ukiuona, utazame huo huo. Usiulizie cha jirani. Na usiondoke, hata nyumba ikishika moto."

"Nilipe ngapi?"

"Watakayosema."

Mkwe alichukua bahasha ya vidonge, akaandika nyuma yake: kushoto, umepinda, shaba saba. Kisha kalamu ikasita.

"Na wakiniuliza naitakia nini?"

Swali hilo Bibi Shusha alilijibu kwa uongo miaka hamsini, kwa kila muuzaji, bila kupepesa. Alipapasa foronya mpaka akaupata unyayo.

"Waambie ni mguu wa wifi yako."