Bushi Iliyolika Upande Mmoja

Mama alikataa kushuka. Magoti yalipoanza kumsumbua, ndugu zangu walimtengenezea chumba chini, karibu na jiko, chenye kila kitu. Alikitazama, akakisifu, kisha akarudi juu kwenye chumba anamolala tangu tulipojenga nyumba hii ya Al Khoudh. "Mie nshazoea kuiona barabara," alisema. Mimi kazi yangu ni kutengeneza silinda za hidroliki, zinazosukuma kwa nguvu ya mafuta, katika karakana huko Rusayl, nikasema nitamfungia lifti. Ndugu zangu walikubali kwa sharti moja: ikileta matatizo, mama anashuka.

Haikuwa lifti kubwa. Jukwaa la kusimama watu wawili, reli ukutani, silinda moja ya kulisukuma, na kishikio upande wa kulia. Nilijivunia sana. Baada ya miezi mitatu ikaanza kuvuja mafuta.

Nilitoa sili iliyokatika, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, nikanunua nyingine madukani Hamriya, nikamlaumu aliyeniuzia ile ya kwanza. Haukupita muda mafuta yakawa tena sakafuni. Safari hii nililaumu joto. Ilipokatika ya tatu sikuwa na wa kumlaumu, na dada yangu alishaanza kupanga nguo za mama kwenye kabati la chini.

Kazini, mteja akiniletea silinda inayovuja, sianzi na sili. Naanza na bushi, ile pete inayoiongoza fimbo ya chuma inapoingia na kutoka. Ikiwa imelika sawasawa pande zote, imezeeka tu. Ikiwa imelika upande mmoja, basi fimbo inasukumwa ubavuni, na hapo hata ubadilishe sili mia unatwanga maji kwenye kinu. Silinda imeumbwa kusukuma kwa kunyooka. Mzigo wa pembeni ni kazi ya reli. Maneno haya nawaambia wateja kila wiki, tena kwa ukali. Kwetu sikuyakumbuka. Mganga hajigangi.

Ijumaa moja baada ya sala niliifungua yote. Bushi ilikuwa imelika upande wa kulia tu, na fimbo ina mikwaruzo upande huohuo. Reli nilizikata fupi mwenyewe, kwa kuwa mama ni mwepesi. Lakini hata reli fupi zingestahimili kama mtu angesimama katikati, na katikati nilikuwa nimepaka alama nyeupe. Nikagundua sijawahi kumwona mama akipanda. Kila mara huniambia, "Tangulia kwa ngazi, mwanangu, unifungulie mlango," nami hutangulia.

Ndala zake zilikuwa mlangoni. Ya kulia ilikuwa imekwisha kisigino. Ya kushoto ungedhani imenunuliwa jana.

Nilisimama nimeishika ile ndala na nikaona aibu. Chuma cha watu nakisoma kwa kidole, na mama yangu nakaa naye nyumba moja.

Nilipanda kwa ngazi. Alikuwa dirishani.

"Mama, mguu wa kushoto unakuuma tangu lini?"

Hakugeuka. "Nani kakwambia?"

"Silinda."

Alicheka kidogo. "Kumbe chuma nacho kina umbea." Kisha akasema, "Nlijua nikisema mtanshusha. Hebu waambie nduguzo, khalas, yamekwisha."

"Nitawaambia reli nilizikata fupi, na ni kweli. Lakini Jumapili twende hospitali."

"Na nikitoka huko narudi juu?"

"Unarudi juu."

"Basi ntakwenda, inshallah," alisema, akaendelea kutazama magari.

Ijumaa hiyo na Jumamosi nzima nilifunga reli mpya, ndefu mara mbili ya zile za kwanza, bushi mpya, sili mpya, na kishikio cha pili upande wa kushoto. Mpaka leo haijavuja.

Jumapili asubuhi hakuniambia nitangulie. Tuliingia pamoja, yeye juu ya alama nyeupe, mimi kando yake. Lifti ilipoanza kushuka aliachia kishikio akaniegemea begani. Sikuwa nikijua kwamba mama ni mzito kiasi kile.