Kipimajoto Chenye Jina la Mkwe

Tiii. Mlio huo ulitoka usiku nyumba ya pili, hapa Kizota, kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Asubuhi nilimkuta mama mwenye mashine akiwa na fundi wa kompyuta. Mayai yalikuwa yanapoa. Mumewe, aliyeiunda mashine, alikuwa Chemba na simu yake haipatikani.

"Umeme ulikatika, programu ikasahau majina ya vifaa," fundi alisema. "Vifaa vitatu vinatumia waya zilezile. Kompyuta ikiita jina, mwenye jina tu ndiye anayeitika. Isipokisoma kipimajoto, haiwashi joto. Mumeo alikiitaje?"

Mama akainamisha kichwa. "Alikipa jina la baba yake."

"Ndiyo lipi?"

"Huyo ni mkwe wangu, fundi. Kwa mila yetu silitamki."

"Basi liandike."

"Kwani vidole si vyangu?"

Fundi akanitazama. Nami silijui, mtaani tunamwita Babu tu. Nikawaza kwamba kompyuta ina raha, maana haijaolewa.

Hatimaye mama akampigia mkwe mwenyewe, Kongwa, akachuchumaa kabla simu haijapokewa. "Shikamoo baba. Fundi anauliza jina lako." Akawasha spika ya simu, mzee amjibu fundi.

Mzee akacheka. "Nijitaje kama niko mahakamani? Sema wewe, mwanangu, nimekuruhusu. Vifaranga visife kwa ajili ya heshima yangu."

Mama akageukia ukuta, akaziba mdomo kwa ncha ya khanga, na baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa akasema, "Ndahani."