Marahaba ya Wakili

Kabichi zikioza hazijifichi. Juzi nilipita sokoni, nikakuta lundo zima nyuma ya vibanda. Wenzangu wakaziba pua na kukaza mwendo. Mimi nilisimama. Hasira ilinipanda, kwa sababu harufu ile naijua tangu nina miaka kumi na moja, na kila nikiisikia namkumbuka mtu mmoja.

Jina lake silitaji, maana bado lina wa kulisifu. Lushoto nzima ilimwita Wakili, hata alipokuwa mbunge. Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja karibu na soko na koti jeusi lililonuka dawa ya nondo, alilolivaa jua na mvua. Alitembea na mkoba wa ngozi ambao sisi watoto tuliamini umejaa sheria. Siku moja aliufungua mbele yangu, nikaona nusu mkate na kitana. Sikumwambia mtu, maana nani angeniamini?

Nililelewa na Bibi, mama yake baba, kwenye kilima njia ya kupandia Magamba. Kabla sijazaliwa, Mwingereza alitoa amri kila mtu achimbe matuta kwenye shamba lake la mlimani. Bibi na wanawake wenzake wanne walichimba mpaka viuno vikakataa, mvua ikaporomosha yote, wakasema hawarudii tena. Wakashtakiwa. Wakili akawatetea bila kudai kitu, wakashinda. Nimesimuliwa kesi ile mara nyingi hata nikadhani nilikuwepo mahakamani.

Basi kila msimu kabichi ya kwanza ya shamba letu la bondeni ilikuwa yake, nami ndiye niliyeibeba kichwani. Tukifika mlangoni Wakili alisimama, akafunga kifungo cha koti, akamwamkia Bibi kabla hajavuka kizingiti: "Shikamoo, mama." Nilimpenda kwa hilo.

Uhuru ukaja, akagombea ubunge, akapewa alama ya jembe. Mpinzani wake alipewa nyumba. Bibi alipanda na kushuka vilima wiki tatu nzima akiwaambia wanawake kwamba jembe ni letu, na kwamba nyumba hailimi. Matokeo yalipotangazwa alicheza mpaka kilemba kikamwanguka. Sijapata kumwona amefurahi vile tena.

Mheshimiwa alianza kubadilika tumboni. Kila aliporudi kutoka Dar es Salaam koti lilikuwa jipya na kubwa zaidi. Siku hizo alipita na Landrova, kioo kimeshushwa nusu, na kabichi yetu ikapokelewa na kijana wa ofisini aliyesema tu, "Weka hapo."

Kisha ikaja Ujamaa. Wakili aliitisha mkutano uwanja wa shule, akatuambia sote ni ndugu, na kwamba mashamba ya bondeni sasa yatakuwa ya kijiji kizima. Alisema vizuri sana, na watu walipiga makofi, hata mimi. Bibi hakupiga. Shamba lile lilikuwa kila kitu chetu: mlimani hapakuwa na maji, na tulichokula kiangazi pamoja na sare yangu ya shule vilitoka bondeni. Mpaka wake ulikuwa wa masale aliyoyapanda baba mkwe wake, na masale yale yale ndiyo Wakili aliyoyataja mbele ya hakimu katika kesi ya matuta, kuonyesha kwamba Bibi ana shamba lake bondeni na halazimiki kulima mlimani.

Jumatatu Bibi alitoa kanga ya sandukuni, tukashuka mjini. Tulikaa kwenye benchi la ofisi ya wilaya tangu asubuhi hadi adhuhuri ikapita. Hatimaye Wakili alitoka na wageni wake, wakicheka. Bibi akasimama mbele yake, akakunja magoti.

"Shikamoo, ndugu mbunge."

Wakili alikuwa rika la baba yangu mdogo, kitindamimba wa Bibi. Nilingoja ashtuke. Nilingoja amwinue, aseme, la, mama, usinifanyie hivyo.

"Marahaba," akasema, akampiga piga begani. "Mambo ya bonde, mama, sasa ni ya wote." Akaingia ndani ya gari.

Wiki ile ile masale yaling'olewa. Kijiji kilipanda kabichi, lori aliloliahidi Wakili halikufika, zikaoza shambani mpaka uvundo ukatupandia nyumbani mwezi mzima. Msimu uliofuata sehemu ya kando ya mto ililimwa na shemeji yake. Hakuna aliyeuliza, na mikutanoni aliendelea kuwekewa kiti chenye kitambaa. Mpaka leo nikifikiria kiti kile nasikia kutapika.

Lakini siku ile ya ofisi, wakati tunarudi, tulifika kwenye mpando mkali. Bibi alininyooshea mkono kama kawaida yetu. Mimi nikauficha wangu nyuma.

"Mkono una nini, mwanangu?"

"Hauna kitu."

Nilikuwa namwonea kinyaa. Mtu aliyenifunza kwa fimbo nani huamkiwa na nani, leo amemkunjia magoti mtoto! Miezi mingi nilimjibu kwa mkato, naye hakuniuliza tena.

Nilikuja kuelewa nikiwa mama, siku niliposimama mbele ya meza ya bwana mmoja niliyemdharau, nikimchekea ili mwanangu apate nafasi ya shule. Bibi alijua vizuri alichokuwa akifanya. Alipeleka kitu pekee kilichobaki ambacho mtu yule angeweza kukitaka, ili mimi nile. Naye akakipokea, kisha akachukua na shamba. Kinyaa kilikuwa haki ya Wakili, nami nikampa Bibi. Mlima ule aliumaliza peke yake, akishikilia majani ya kando ya njia, mimi nikiwa mbele, sigeuki.