Kompyuta Iliponyamaza Saa Kumi

Katika soko zima la Ikutha hakuna tena mtu wa kumwambia mama yangu "Wakya?" Hiyo ndiyo salamu yetu Wakamba ambayo mkubwa humpa mdogo, na mdogo huitikia, "Aa." Mama amepita miaka themanini. Kila anayekutana naye njiani ni mdogo wake, basi "Wakya" yeye huigawa kutwa nzima na hakuna wa kumrudishia. Amebaki mtu mmoja tu wa kumpa salamu hiyo, dada yake mkubwa anayeishi Makindu.

Jumamosi hiyo dada yake alikuwa anapelekwa Nairobi kupasuliwa uvimbe wa kooni. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba anaweza kupona na sauti isirudi. Gari lilikuwa lije kumchukua saa kumi na moja jioni. Mama naye alikuwa na mguu kwenye plasta, safari ya Makindu haingewezekana. Nikapatana na binti wa mama mkubwa kwamba saa kumi kamili tungeonana kwa kompyuta.

Kwa nini kompyuta? Kwa sababu kasimu kangu ka vitufe ukimwekea mama sikioni anasema anasikia chapati zikikaangwa. Kompyuta yangu ya mezani ina spika mbili kubwa, nilizinunua masikio yake yalipoanza kumwacha. Akikaa mbele yake anasikia mpaka mhubiri akimeza mate.

Saa tisa na nusu nikaiwasha, nikaweka wimbo wa kwaya kuijaribu. Kimya. Wimbo ulikuwa unacheza kwenye skrini, sauti hakuna.

Mimi si mtu mvumilivu, sitadanganya. Nilipandisha sauti mpaka mwisho, nikazima na kuwasha, nikachomoa kebo na kuichomeka upya. Wapi! Nikachomoa kebo ya spika na kugusa ncha yake kwa kidole. Spika zikanguruma. Basi spika zilikuwa nzima, ubishi ulikuwa wa kompyuta yenyewe. Nikampigia fundi wa sokoni.

"Hiyo ni kadi ya sauti imeungua, mathe," akasema bila hata kuuliza swali moja. "Niletee Jumanne."

Jumanne! Nilimkatia simu kabla sijamtukana.

Mama alikuwa ameketi kitini, amevaa kitambaa chake cha kanisani, kiondo, kikapu cha katani alichokuwa akisuka, kiko mapajani. Alikuwa ananipa chai kila nilipopandwa na hasira, kutoka kwenye birika lililozibwa mdomo kwa gunzi la mahindi. Huyo ndiye mama. Hawezi kuona tundu likaachwa wazi. Alilelewa nyumba ambayo kila kibuyu kilikuwa na kizibo chake, na hadi leo anaziba chupa, birika, hata tundu la ufunguo, eti vumbi na nyigu wasiingie.

Saa kumi ikafika. Picha ikaja safi kabisa. Mama mkubwa alikuwa ameketi na shali shingoni, midomo yake inacheza. Mama akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Anasema nini?"

"Hatumsikii, mwaitu," nikamwambia. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama. "Ngoja nimpigie kwa simu, akisema neno nikwambie."

"Salamu yake siitaki kutoka mdomoni mwako," akajibu, na machozi yakamtoka palepale. Nilijisikia vibaya sana, nikalipiga kofi lile sanduku la kompyuta. Halikujali.

Ndipo nilipobofya tena ile alama ya spika, safari hii nikaisoma kwa makini badala ya kuigombeza. Kando yake palikuwa na kapicha kadogo ka hedifoni.

Ala! Hedifoni za nani? Nyumba hii haijawahi kuingia hedifoni. Lakini kompyuta ilikuwa inaamini kuna mtu amezivaa, na sauti yote ilikuwa inamwagwa huko.

Nikapiga magoti na tochi. Mbele ya sanduku huwa kuna tundu dogo la kuchomeka hedifoni. Sasa halikuwepo. Mahali pake palikuwa na kitu cha rangi ya udongo, kimekatwa kikawa sawa na ukuta wa sanduku, kazi safi. Katani!

"Mwaitu! Nani ameziba hapa?"

"Mimi," akasema kwa fahari. "Juzi. Nimeona umeacha tundu wazi na vumbi lote hili. Nikakusokotea kizibo."

Woi! Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, nikafanya yote mawili. Nikazima umeme, nikachukua kibano. Kikateleza. Nikajaribu pini, nayo ikakisukuma ndani zaidi. Saa ilikuwa kumi na dakika thelathini na tano.

"Wewe unavuta," mama akasema. "Katani haivutwi hivyo. Lete hapa."

Nikamwekea sanduku mapajani, juu ya plasta. Akachukua sindano yake ya gunia, akaichomeka katikati ya kile kizibo huku akitazama dirishani, kwa sababu macho hayakuwa na kazi hapo. Alikuwa anakumbuka alikisokota kuelekea upande gani. Akazungusha kinyume, mara moja, mara ya pili, na kizibo kikatoka kizima, kirefu kama punje mbili za mchele.

Nikawasha. Dakika zile za kompyuta kuamka sizitamani tena maishani. Kisha nikaweka tena ule wimbo wa kwaya, ukalipuka kwa sauti niliyokuwa nimeiacha juu mpaka mwisho, kuku wakatimka mlangoni, na mimi nikapiga kigelegele nikizunguka meza. Kadi imeungua, eti! Jumanne!

Saa kumi na dakika arobaini na nane mama mkubwa akatokea tena kwenye skrini. Nyuma yake mtu alikuwa anabeba begi. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, lakini ilijaa chumba kizima.

"Wakya?"

Mama akanyoosha mgongo.

"Aaa!" akaitikia, kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya msichana aliyeitwa kutoka nje.

"Mbona mmenichelewesha hivi?"

"Mashine ilikuwa imeharibika," mama akasema. "Nimeitengeneza mimi."

Mama mkubwa alicheka mpaka akakohoa, akashika shali yake, akapumua. Honi ikalia huko Makindu.

"Wakya?" akamwambia tena, polepole.

"Aa," mama akajibu. "Aa. Aa."