Mwendo wa Mama Vifungo

Walimwita Mama Vifungo kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha kifungo kipotee. Kikidondoka sakafuni, angeinama akitafute hata mteja akiwa amesimama mlangoni na haraka zake. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake alikwisha kuifunga mota, hivyo kutwa nzima mguu ulikuwa unagusa tu kanyagio. Asubuhi pikipiki ilimleta dukani, jioni ikamrudisha.

Kilichomfikisha zahanati ni sindano. Ilimchoma kidole, jambo la kawaida kwa fundi, ila safari hii kidole kilivimba, kikatunga usaha, kikakataa kupona. Daktari alimpima damu, akamwambia ana kisukari.

"Na mzee anaendeleaje?" daktari akauliza. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alilazwa hapo hapo mwaka uliopita kwa shambulio la moyo.

"Yupo. Amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Kwenye kiti, daktari. Tangu mlipomruhusu."

Daktari hakucheka. Alikishika kile kidole kilichovimba. "Huu uvimbe unauona kwa macho. Upo mwingine usiouona, unaendelea taratibu mwilini siku zote, hasa mtu akiwa na mafuta mengi tumboni na hatembei. Unaharibu mishipa ya damu na kuisaidia sukari kupanda, na moyo nao hausalimiki. Dawa nitakupa. Lakini misuli ikifanya kazi inakula sukari, na ule uvimbe wa ndani unapungua. Kwa hiyo tembea, mama. Na mzee umlete nimpime, naye atembee."

Kesho yake Mama Vifungo alimpungia mkono yule wa pikipiki apite. Hakufika mbali. Kwenye gereji ya kwanza pumzi ilimwishia, akajifanya anatazama magari. Mafundi wakamuuliza kama anataka kununua.

"Bado nachagua," akajibu, akaendelea.

Viatu vilimchubua. Akakata vipande vya sponji, akavishonea kitambaa laini, akavitandika ndani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba biashara imemwendea kombo, hata nauli hana. Aliyasikia, akayaacha yapite.

Mumewe ndiye aliyekuwa mgumu. "Moyo wangu ulishanionya mara moja," alisema bila kuinuka kitini. "Sitaki kuuchokoza."

Wifi yake, dada mkubwa wa mume aliyeishi nyumba ya nyuma, alikuja mbio kumtetea. "Wifi, jitese wewe, mdogo wangu mwache apumzike. Mgonjwa hakimbizwi."

"Sijasema akimbie, wifi. Nimesema asimame."

Jioni, wakiwa wawili tu, mume alisema lile alilokuwa amelificha. Kila akipanda ngazi za mlangoni aliusikia moyo ukidunda masikioni, na kila mara alidhani ndio mwisho. Mama Vifungo hakubishana naye. Alisogea karibu yake, akasema, "Basi tuusikilize wote, na daktari akiwepo."

Daktari alimpima, akamtembeza kwenye korido ya zahanati huku akimshika mshipa wa mkono. Moyo ukadunda na haukusimama. Wakaambiwa waende polepole, na kifua kikibana wasimame na kurudi zahanati.

Kikabana kweli, siku moja karibu na kona ya shule. Wakakaa ukingoni mwa barabara mpaka maumivu yalipotulia, wakaenda zahanati moja kwa moja. Wifi alipopata habari alisema maneno mazito, na usiku ule Mama Vifungo alilia jikoni, maji yakiwa yamefunguliwa ili asisikike. Lakini daktari alibadilisha dawa, akawapumzisha kidogo, kisha akawaambia waanze tena, kwa umbali mfupi zaidi.

Wakaanza tena. Mvua ikinyesha walizunguka chini ya mabati ya soko. Dukani, akimaliza kushona nguo moja, Mama Vifungo alisimama na kukata nyingine akiwa wima mezani. Kidole kilipona. Sukari ilishuka, ikapanda kidogo, ikashuka tena. Daktari alimpunguzia vidonge lakini hakumwachisha, na yeye hakuomba.

Adhuhuri moja, akiwa anakunja suruali ya mteja, kivuli kiliingia mlangoni. Alikuwa mumewe, peke yake, shati limelowa mgongoni. Akaiweka suruali chini.

"Kifua?" akauliza.

"Kipo kimya." Mzee aliegemea meza, akavuta pumzi. "Nimepita njia ya juu. Ya chini imejaa malori yaliyoegeshwa ovyo, hawa vijana wa siku hizi hawajui kuegesha."

"Na wifi amekuachia utoke hivi hivi?"

"Yuko nyuma anakuja kwa miguu," akasema, akijipangusa uso. "Amesema nisimsubiri, yeye hakimbizwi."