Wakwe Watatu wa Mama Mmoja

Filamu ile tuliiona Musonoi, mtaa wetu wa wachimba migodi, kwa mtu mwenye video, wakati kampuni ilikuwa bado inatupa unga wa bukari, ugali wetu, kila mwezi. Mwanamke mrembo amemuua mumewe, basi anawachezea wanaume watatu: huyu achimbe shimo, huyu alete gari, huyu aende gerezani badala yake. Kila mmoja anaamini mpenzi ni yeye peke yake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bwana yangu akasema wanaume wa Kizungu ni wajinga sana. Aliyecheka kuliko wote ni jirani yetu wa Kasai, ameketi mbele na kitenge kipya, na mimi nikaona bwana yangu haangalii tena filamu. Anaangalia shingo ya yule mama.

Wee! Tangu siku hiyo wivu ulikula na mimi, ukalala na mimi.

Kampuni ikaanguka, unga ukaisha. Kisha vijana wa chama cha siasa wakapita mitaani wakisema watu wa Kasai warudi kwao, hata waliozaliwa hapa. Mume wa yule jirani aligombana nao, wakaapa kumuua, naye akatoweka. Mkewe akasema ametangulia Kasai na amemtupa. Kumtupa yule, na shingo ile? Mimi sikuamini. Wanaume waliamini upesi. Kapita, msimamizi wa karakana, akamtafutia nafasi kwenye treni. Mwalimu wa kwaya akamletea mkokoteni. Na bwana yangu, ambaye kwangu hajawahi kushika hata ndoo tupu, akawa anamchotea maji yule jirani na mama yake mzee, mgonjwa, amelazwa chumba cha ndani, hakuna aliyemwona.

“Ni jirani tu, mama,” ananiambia. “Shiye wote banadamu, tusaidiane.”

Jirani gani! Nilijua anataka kupanda treni ile pamoja naye, na watoto aniachie mimi.

Siku ya safari nikamfuata bwana yangu mpaka gare, kituo cha treni. Watu wamejaa na magodoro, masufuria, kuku. Vijana wa chama wanazunguka na mapanga. Bwana yangu alikuwa pale, na kapita, na mwalimu wa kwaya, wanatazamana kwa hasira kama majogoo. Kwenye mkeka amelala mgonjwa, amefunikwa kitenge mpaka kichwani.

Yule mwanamke akawaita wale watatu baba, kwa sauti ya asali: “Batata, munisaidie kubeba mama.”

Sasa, kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Ni heshima. Akikutana naye atapita pembeni, atageuza kichwa. Basi wale watatu wakainama kumbeba mgonjwa, na wote watatu wakageuza vichwa! Kapita kulia, mwalimu kushoto, na bwana yangu akafumba macho kabisa, mtu mzima, baba wa watoto wangu. Lo! Kila mmoja alikuwa ameahidiwa ndoa. Wakaenda upande upande, wanagongana, wanakanyagana, hakuna anayethubutu kutazama chini.

Mimi sikuwa mkwe wa mtu pale, nilitazama. Kitenge kiliteleza nikaona ndevu. Alikuwa mume wake mwenyewe, ananitolea macho ya hofu. Yule mwanamke naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na tabasamu. Vijana wa chama walikuwa karibu, kelele moja ingetosha. Nikavuta kitenge nikamfunika vizuri. Aende na mume wake, nikasema moyoni, wangu abaki.

Treni ilipoanza kwenda, mgonjwa akaketi mlangoni mwa behewa, akajikuna ndevu, akatupungia mkono. Gare nzima ikacheka. Kapita alitukana mpaka mate yakamtoka. Bwana yangu akacheka kwa nguvu kuliko watu wote, akaja akanishika bega.

“Unaona? Mi nilimusaidia tu kama jirani.”

Nikarudi naye nyumbani nimeshinda, kidogo niimbe. Mama yangu, aliyekuwa anakaa kwetu tangu unga ulipoisha, alikuwa mlangoni anapepeta mahindi. Bwana yangu akasimama mbele yake, akamtazama usoni, macho kwa macho, kama alivyomtazama kila siku tangu anioe, akamuuliza kama bukari iko tayari.